Jina Ambalo Dafroza Alilinyamazia

Pale Nyasura, Bunda mjini, mtu akitaka kujua fulani ni nani wa fulani haendi ofisi ya kata. Anakwenda kwa Dafroza. Atamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, anachambua dagaa. Muulize hivi: "Mama, yule bwana aliyekuja msibani na koti la kijani, ni ndugu yetu kwa upande gani?" Hatakujibu upesi. Kwanza atataka habari za mama yako, halafu atakuambia hiyo pua umeichukua kwa babu yako, na kwamba babu huyo alikuwa mchoyo wa kutupwa. Ndipo atakupa bwana wa koti, na baba yake, na babu yake, na ugomvi uliomfanya babu huyo ahame kwao. Ulikwenda kuulizia mtu mmoja, unarudi na kijiji kizima.

Alizaliwa Majita, kando ya ziwa, kwa watu wa nyavu na mihogo. Akaolewa Butiama, kwa watu wa ng'ombe, na kijana aitwaye Felisian. Felisian alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huku Bunda, wakahamia na hawakurudi tena. Miaka mingi Dafroza aliuza samaki wakavu soko la Manyamanyama, na wateja wake hawakuwa na haja ya kusema wanachotaka. Ukitokea tu kwenye kona, kichwa chako cha sato kimeshafungwa kwenye gazeti kinakusubiri. Magoti yalipomkatalia kazi akakaa nyumbani, mjane, kwa mwanawe wa mwisho Revocatus, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye kibanda chake kule Kabasa.

Heshima yake lakini haikutokana na samaki. Katika ukoo wa Felisian mtoto hapewi jina hivi hivi tu kwa kuwa limewapendeza wazazi. Mtoto anakuja na mtu. Asubuhi kabla jua halijawa kali, anapakatwa na bibi akielekezwa mlangoni, na bibi anataja waliokufa, mmoja mmoja. Kila jina likitajwa mtoto anapewa ziwa. Jina ambalo atalinyamazia na kunyonya kwa utulivu, huyo ndiye aliyerudi. Jina la ubatizo litakuja baadaye kwa padri, na hakuna aliyewahi kuona majina hayo mawili yakipigana.

Kazi ya kutaja alifundishwa na mama mkwe wake, na alifundishwa wakati wa palizi ya pamba. Mama mkwe akitaja, yeye anaitikia, jembe likishuka, mstari baada ya mstari. Kwa hiyo majina yalimkaa Dafroza kwa mpangilio wa shamba. Ukimkatisha katikati hawezi kuendelea, lazima arudi mwanzo, na atakulaani kwanza. Ila ukimwacha, haachi hata mmoja, hata yule wa zamani ambaye hakuna ajuaye alikufa kwa nini.

Jambo hili lilimkera wifi yake, Gaudensia, dada mdogo wa Felisian, aliyebaki na boma la wazee kule Butiama. "Mtu wa kuja, tena Mjita, ndiye anatutajiaga wafu wetu!" alikuwa akisema, na hakusema kwa kunong'ona. Dafroza akiambiwa hucheka. Anasema mwenye wivu ajinyonge, kamba anazo, si anafuga ng'ombe?

Basi. Mwaka huu Revocatus na mkewe Bhoke wakapata mtoto wa kike, na mtoto huyo akalia. Watoto wote hulia, ndiyo, lakini huyu alilia mpaka majirani wakaanza kutoa salamu za pole bila kuulizwa kuna nini. Bhoke alimpeleka kliniki. Muuguzi akamtazama mtoto mbele na nyuma, akapima uzito, akasema ni chango tu, litapita, na asipewe mitishamba yoyote. Dafroza aliafiki kabisa. Mitishamba hapana, alisema, lakini mtoto ana wiki kadhaa sasa na hajapewa jina, na mtu asiye na jina ataachaje kulia?

Siku ya kutaja ikafika. Gaudensia alikuja kutoka Butiama na kuku wake miguu juu, wanawake wa ukoo wakakaa kwenye mikeka, na Dafroza akampakata mjukuu. "Haya, mke mwenzangu," akamwambia, "tusikie unamtaka nani." Akaanza mwanzo wa shamba. Akataja akina babu, akina shangazi, aliyeuawa na mamba, aliyekwenda vitani asirudi. Bhoke anatoa ziwa, mtoto analisukuma na kulia. Jina linalofuata, vivyo hivyo. Dafroza alifika mwisho wa shamba, akarudia lote, akafika mwisho tena. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Kuna mtu amesahauliwa hapa," akasema mwanamke mmoja kwenye mkeka.

Gaudensia akajikung'uta kanga. "Jamani, tuseme ukweli. Wifi amezeeka, kichwa kimechoka. Hii kazi irudi nyumbani Butiama."

Hakuna aliyempinga. Wengine walitazama chini, na hilo ndilo lililomuuma Dafroza kuliko maneno yenyewe. Walikubaliana tu kwamba atapewa muda kidogo ajaribu kukumbuka. Akishindwa, Gaudensia atakuja kutaja yeye. Kuku akachinjwa, watu wakala, wakaondoka.

Kumbe Dafroza hakuwa amesahau jina lolote katika yale aliyofundishwa. Alijua hivyo kama anavyojua idadi ya vidole vyake. Lakini usemi ule wa mtu aliyesahauliwa ulimwingia, kwa sababu alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwa kwenye orodha ya palizi. Alikuwa mtoto wake mwenyewe, wa kwanza, wa kike, aliyezaliwa Butiama mwaka wa kwanza wa ndoa na kufa kabla hajaota meno.

Kwa ukoo ule, mtoto anayekufa kabla ya meno haliliwi kwa sauti. Anazikwa asubuhi nyuma ya boma, na jina lake linaachwa pale pale, hata yule wa zamani aliyekuwa nalo hatajwi tena. Mama anaambiwa: ukilitaja unamwita, na akija atamchukua atakayefuata. Huyu hakuwa amefikishwa hata kwa padri. Dafroza alikuwa msichana mdogo, mgeni, ameshika kila alichoambiwa. Alinyamaza. Felisian naye akanyamaza, akafa bila kulitaja. Watoto waliofuata waliishi wote, na mama mkwe akasema, unaona?

Sasa Dafroza alitafakari hivi: mimi sizai tena, sina wa kumwogopea. Na kama ni yeye anayelia mapajani mwa Bhoke anataka kurudi, basi mwiko ameuvunja mwenyewe, si mimi. Nitamtaja. Akafungua mdomo, peke yake pale mlangoni, amtaje japo kwa majaribio.

Hakuna kitu kilichotoka.

Alingoja. Jina likikwama huwa unalingoja, unajifanya hulitaki, nalo linakuja lenyewe ukiwa unaosha vyombo. Dafroza akaosha vyombo. Akachambua dagaa, akafua, akasali rozari nzima. Sikio la kushoto la mtoto yule lilimjia, lilikuwa na kinyama kidogo kama punje ya mtama. Ikamjia kanga aliyombebea, na harufu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe iliyokuwa nywelani mwake. Jina halikuja. Badala yake lilikuja Nyangi. Alijua fika si Nyangi, huyo ni mtoto wa jirani ambaye huitwa kutwa nzima kwa kupayuka, lakini kila alipolisogelea jina la mwanawe alimkuta Nyangi amejaa mlangoni hampishi. Akajaribu kutaja majina ya kike yote anayoyajua, kama anavyomfanyia mtoto mchanga, aone kama mwili utashtuka. Mwili ulitulia tu.

Hapo aliingiwa na hofu ambayo hakuwa ameijua hata siku aliyofiwa na mume. Mama gani anasahau jina la mtoto aliyemzaa? Ukisahau jina la mpwa, watu watacheka. Ukisahau la mwanao utamwambia nani? Hakumwambia mtu. Akazidi kukonda, na Bhoke akadhani ni kwa ajili ya kelele za mtoto.

Mtu akishashukiwa kusahau, kila afanyalo ni ushahidi. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, ikawa habari. Akamwita Bhoke kwa jina la binti yake aliyeolewa Musoma, ikawa habari kubwa. Bhoke mwenyewe wiki hiyo hiyo aliacha simu ndani ya ndoo ya unga akaitafuta nyumba nzima, lakini Bhoke ni kijana, kwa hiyo yeye alikuwa amechoka tu. Revocatus akaamua: "Mama, twende Musoma ukapimwe." Dafroza alibisha siku nzima, kesho yake akavaa viatu.

Daktari waliyempata alikuwa kijana aitwaye Boniphace, mpole, mwenye miwani. Akamwuliza leo ni siku gani.

"Mwanangu, kama hujui siku, umejuaje kuja kazini?"

Revocatus akaona aibu, daktari akacheka. Akamtajia Dafroza maneno matatu ayashike, wakaongea mengine kuhusu magoti na usingizi, halafu akamwuliza yale maneno yalikuwa yapi. "Ufunguo, mwembe, sahani," akasema Dafroza, "na ulipofika kwenye sahani ulikohoa." Akamchoresha saa, akamhesabisha kurudi nyuma. Mwisho akasema kwamba kwa umri wake hana tatizo la kuogopesha, ni kuchelewa kidogo tu kama magoti yanavyochelewa kwenye ngazi.

Dafroza akamgeukia mwanawe. "Revo, nenda kaninunulie maji." Revocatus alipotoka, akamweleza daktari yote. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwambia mtu kwamba aliwahi kuzika mtoto. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya samaki wa furu, ila mikono yake ilikuwa imeshika mkoba kwa nguvu.

Daktari hakuandika kitu. "Mlikuwa mnamtajaga ninyi kwa ninyi, wewe na mzee?"

"Hata siku moja."

"Na likija kichwani lenyewe?"

"Nilikuwaga nalifukuza. Nilikuwa na mimba nyingine, niliogopa. Likija, naanza kuimba wimbo wa kanisani mpaka liondoke."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka likaacha kuja."

Boniphace akavua miwani. Alimwambia kwamba watu wanafikiri kumbukumbu ni sanduku la nguo: umeweka kanga leo, ukilifungua uzeeni utaikuta imekunjwa vile vile. Sivyo. Unapokumbuka jambo unalijenga upya, na usipolijenga linabomoka kimya kimya. Jina ndilo hubomoka kwanza, kwa kuwa sura ina harufu na mahali pa kushikia, sikio lina kinyama chake, lakini jina ni sauti tu, linaishi kwa kutajwa. Wale wafu wengine wa ukoo anawajua kwa sababu kila mwaka kuna mtoto anazaliwa na lazima awataje. Huyu hakutajwa. Isitoshe, wakati ule alikuwa hapati usingizi, hali chakula, ana majonzi, na kichwa cha hivyo hakishiki vizuri hata kinachopita mbele yake.

"Kwa hiyo sijaugua," akasema Dafroza. "Nimejifundisha."

"Ulifundishwa, bibi. Na ulikuwa mwanafunzi mzuri."

Maneno hayo yalimkasirisha kuliko kama angeambiwa ana ugonjwa. Ugonjwa ungekuwa wa Mungu. Akainuka, akashukuru kwa ukavu. Mlangoni daktari akamwambia kwamba wakati mwingine mahali husaidia: mtu akirudi palipotokea jambo, vitu vingine huinuka. Hakuahidi kitu. Revocatus aliwakuta wamesimama, akatoa maji, hakuna aliyeyahitaji.

Haikupita wiki Dafroza akawa Butiama, kwenye boma la wazee, kwa Gaudensia. Alisema amekuja kutembea. Gaudensia alimtazama kama mtu anayemtazama ndama aliyekuja mwenyewe kwenye kamba, akampa uji, akangoja. Dafroza alikunywa uji mpaka mwisho.

"Wifi, nisindikize nyuma ya boma."

Gaudensia hakuuliza wapi. Wakatembea taratibu, wanawake wawili wazee, wakapita zizi, wakafika kwenye ua wa minyaa ambapo ardhi imeinama kuelekea kwenye majabali. Hapakuwa na alama. Hapakuwahi kuwa na alama. Dafroza alisimama, na daktari alikuwa amesema kweli kwa sehemu, maana vitu viliinuka. Uliinuka udongo, ulivyokuwa umelowa. Ukainuka mkono wa mama mkwe ukimziba mdomo, mkono wenye harufu ya siagi, mzito, usio na ubaya. Akamwona Felisian amesimama na kofia yake kando ya jiwe.

"Felisian alikuwa pale," akasema, akaonyesha.

"Kaka? Hakuwepo."

"Alikuwepo. Pale, na kofia."

"Wifi, kaka alikuwa Musoma, alikuja kesho yake. Aliyechimba ni baba. Mimi nilikuwa hapa, nimeshika jembe la pili."

Wakabishana pale pale, juu ya mtoto, kila mmoja ameona kwa macho yake. Dafroza amekuwa akimwona mumewe na kofia ile kwa miaka yote hiyo, na alikuwa amempenda zaidi kwa sababu ya kusimama pale. Mmoja wao alikosea, au wote wawili, na Felisian hayupo kuulizwa. Jina lilikuwa bado halijainuka.

Jua lilikuwa linashuka, ng'ombe wanaanza kurudi. Dafroza akaona hakuna namna tena. Ni afadhali aibu hii kuliko kurudi Bunda mikono mitupu kwa mtoto anayelia.

"Gaudensia," akasema, na hakumwita wifi. "Wewe ndiye ulikuwa unambebaga nikienda shamba. Mtoto wangu aliitwa nani?"

Gaudensia akageuka kabisa amtazame. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi tangu alipomwona wifi yake langoni, ugomvi wa nani ataje, pengine hata kuombwa msamaha, lakini si hili.

"Hulijui?"

"Limepotea."

"Mimi nilidhani unalijua ila unashika mwiko! Siku ile Nyasura ulivyofika mwisho ukanyamaza, nikasema moyoni, huyu ana roho ngumu, mtoto analia anaitwa na shangazi yake na yeye hamtaji. Ile ya kuzeeka niliisema kwa hasira tu."

"Sikumficha. Sina. Nimemtafuta kila mahali, Gaudensia. Sina."

Gaudensia alielekea langoni mwa zizi, ambako ng'ombe walikuwa wanasukumana kuingia, akaweka mikono mdomoni akaita: "Mugesi! Mugesi, we!" Katika kundi ng'ombe mmoja wa madoa akainua kichwa, akawapita wenzake, akaja mpaka mkononi kwake.

"Huyu ni Mugesi," akasema Gaudensia. "Mama yake alikuwa Mugesi. Na bibi yake, mpaka kule mwanzo. Mtoto alipokufa niliambiwa nisimtaje. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimezoea kumwita kutwa, ningefanyaje? Wiki ile akazaliwa ndama jike. Niliambiwa nisimtaje mtu. Ya ndama hawakusema. Mama aliponisikia alinipiga, nikamwambia ni ng'ombe huyu, mama. Akakaa chini, hakunipiga tena."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliyesema hivyo hakuwauliza wanaobeba watoto.

Dafroza alilisikiliza jina. Aliligeuza upande huu na upande ule, akalingoja limchome. Lilikuwa jina zuri, la kawaida, lingeweza kuwa la mtoto wa mtu yeyote. Halikuwa na sikio wala kanga. Na hapo hapo akakumbuka jambo jingine, hilo likiwa zima na safi: matanga ya mama mkwe, yeye amekuja kutoka Bunda, kijana bado, ana meno yote, anamsikia Gaudensia akiita zizini. Alikuwa amecheka. Alikuwa amesema mbele ya watu, "Wifi, ng'ombe gani huyu mmempa jina la mtu?"

"Nilicheka," akasema.

"Ulicheka. Nikakuchukia tangu siku ile. Nikasema mwanamke gani huyu, anamcheka mwanawe."

Kwa hiyo hakulipoteza uzeeni. Lilikuwa limekwisha zamani, katikati ya ujana, wakati anauza samaki na kukumbuka nani anapenda mkia. Lilikuwa limetajwa mbele yake, na alikuwa amepita nalo kando kama mtu ampitaye mgeni barabarani. Alishika nguzo ya lango. Akafungua mdomo akalitamka, mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya udongo mbichi, labda kwenye ulimi wake mwenyewe lingepata njia.

"Mugesi."

Aliyekuja ni ng'ombe. Alimnusa mkono, akaanza kumlamba chumvi ya jasho kiganjani.

Dafroza akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ile iliyozibwa, na safari hii hakuna aliyemziba. Gaudensia alimwacha alie mpaka ng'ombe wote wakaingia. Akafunga lango, akarudi, akasimama karibu naye, bega kwa bega, na baada ya kitambo akasema tu kwamba mtoto yule alikuwa anacheka sana ukimpulizia shingoni. Dafroza akaomba aambiwe tena, akaambiwa tena, na hilo nalo hakulikumbuka.

Wakapiga simu Bunda. Kabla Bhoke hajasalimia zilisikika kelele za mtoto nyuma yake.

"Jina limepatikana," akasema Dafroza.

"Mungu mkubwa! Umelikumbuka, mama?"

Ingekuwa rahisi kuitikia. Angeendelea kuwa Dafroza wa Nyasura, na Gaudensia, aliyekuwa amesimama pale na uso umelowa, asingemuumbua. Alijua hivyo.

"Hapana, mwanangu. Nimepewa na wifi yangu. Yeye ndiye amekuwa naye muda wote huu. Mwekee mtoto simu sikioni."

Bhoke akaiweka. Dafroza akamtaja kwa mjukuu wake, polepole. Mtoto hakunyamaza. Dafroza akamtaja tena, akamtaja tena, mpaka Bhoke akaichukua simu akasema inatosha, mama, amesikia, lakini Dafroza hakuwa akimtajia mtoto peke yake, na hakuacha.